Jirani Yangu, Fundi wa Umeme

Watu wa mtaa wetu wa Jabe walimwita Fundi. Kama palikuwa na mafundi wengine karibu, wa viatu au wa baiskeli, walisema Fundi Umeme, na hapo hakuna aliyekosea. Mimi nilikuwa mshonaji wa mlango wa pili, ukuta mmoja ukitutenganisha, na kwa miaka yote tuliyokaa hivyo hakuniita kwa jina langu. Aliniita Jirani. Nami nilimwita Fundi kama wengine, ingawa sikulitamka kama wengine. Hata leo umeme ukirudi ghafla na watoto wa mtaa wakashangilia, nageuza kichwa upande wa ule ukuta. Siku hizi nyuma yake wanauza simu na vifuniko vya simu, na muuzaji hajui kwa nini namwangalia.

Duka lake lilikuwa chumba chembamba chenye waya zilizoviringishwa, ngazi ya mbao, benchi moja na redio. Nje alitundika ubao ambao alichora ampule, balbu ya taa, kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa mchoraji. Wageni wa mtaa walidhani ni parachichi, na mama mmoja aliwahi kuingia akauliza kama yameiva. Tulicheka mpaka jioni, lakini hakuufuta mchoro. Alisema anayemtafuta fundi atampata, na anayetafuta parachichi soko liko hapo mbele.

Alipenda mashati meupe. Katika kazi ya kutoboa kuta na kupanda juu ya dari, huo ulikuwa wazimu, na watu walimwambia hivyo. Lakini kila asubuhi alitoka amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kofia ya kufuma kichwani, mfuko wa vyombo begani. Alipofika kwa mteja alilivua shati, akalikunja, akaomba mahali safi pa kuliweka, kisha akafanya kazi na singleti. Akimaliza alinawa, akalivaa tena. Alisema mtu anapaswa kuondoka kwenye nyumba ya watu kama alivyoingia. Shida ilikuwa mifuko. Turnavisi, yaani bisibisi, na testa zilitoboa mfuko wa kifuani kila mara, na kila mara aliniletea. Nikamtengenezea mfuko wa kitambaa mara mbili, wenye vijumba vitatu, kimoja cha kalamu. Mashati yale niliyafahamu kuliko nguo za kaka zangu.

Kama mafundi wote wa dunia, alidanganya kwenye simu. Mtu ambaye sikumsikia akisema uongo katika jambo lolote lingine, simu ikilia akiwa amekaa kwangu na kikombe cha chai ya tangawizi, alisema yuko njiani, anakaribia, anaona paa la nyumba. Kisha anapuliza chai yake taratibu. Nilimwuliza siku moja Mungu anaandika vipi maneno hayo. Akafikiri kweli, akajibu kwamba moyo wake ulikuwa umeshaanza safari, ni miguu tu iliyochelewa.

Aliwahi kuajiriwa. Kampuni moja ya ujenzi ilimtaka, ikampa kofia ngumu na mshahara wa kila mwezi, na mama yangu, aliyempenda, alimwombea baraka. Hakumaliza hata miezi miwili. Alirudi asubuhi moja, akaufungua mlango wake, akaurudisha ubao wake msumarini. Hakuwa na ugomvi na mtu. Alisema pale waliwasha majengo makubwa, lakini hakujua nani atakaa ndani. Jambo hilo lilimsumbua. Akiwa kwenye kazi yake mwenyewe aliweza kukaa siku mbili au tatu bila mteja, akisikiliza mpira redioni na kugombana na mtangazaji, na bado uso wake ulikuwa wa mtu aliye nyumbani.

Maana namna yake ya kufanya kazi ilianza na maswali. Siku alipokuja kuweka umeme nyumbani kwetu, ambako nilikaa na mama, hakufungua mfuko wake kwanza. Aliuliza nani analala wapi. Aliuliza mama anakaa wapi akichambua maharage, na kama anasoma sala zake asubuhi au jioni. Mama alishangaa, alidhani taa inawekwa katikati ya chumba, kama kwa watu wote. Fundi akaiweka pembeni, juu ya kigoda chake. Alimwambia taa ndiyo inayomfuata mtu, si mtu kuifuata taa. Tangu siku ile mama alimwita mwanangu, na kila alipopita alimwekea sahani ya maharage na ndagala, dagaa wa ziwani, akihakikisha hakuna kitu ambacho Muislamu asingekula.

Alikuwa na misemo yake. Umeme ni mgeni, alisema, mpe njia ya kuingia na njia ya kutoka, ukimfungia ndani atavunja nyumba. Mtu akimwambia amezoea kushika waya bila woga, alimwambia amzoee mke wake, umeme hauzoeleki. Lakini hakuwa mtu wa hekima tupu. Alikuwa na ulimi mkali. Akikuta mtu ameunganisha waya za ovyo na kuzifunga kwa plastiki ya mfuko, alimfokea mbele ya wageni wake, hata kama ni mzee anayeheshimiwa. Wateja wengine walikasirika wasirudi. Umeme ukikatika mtaa mzima, watu walimjia mlangoni kama vile ameuficha chini ya benchi, naye aliwajibu vibaya, halafu baada ya muda mfupi akaenda mwenyewe kuangalia mita ya kila mmoja, kama labda tatizo ni dogo.

Aliapa hatafanya kazi kwenye kabare, baa za mtaani, kwa ajili ya pombe. Alikuwa mtu wa swala tano, na Ijumaa hakupatikana mpaka saa nane. Basi friji ya kabare ya nyuma yetu ikafa wakati wa joto, na mama mwenye kabare, mjane mwenye watoto wengi, akaja kulia kwangu, siyo kwake, kwa kuwa alimwogopa. Fundi alisikia yote kupitia ukuta. Akachukua mfuko wake akaenda. Aliporudi nilimwangalia kwa jicho la pembeni. Akasema friji haina dini, Jirani, usinitazame hivyo.

Kitu kimoja alikiogopa: radi. Mvua kubwa ilipoanza kunguruma kutoka milimani, alizima kila kitu chumbani mwake, akafunga, akaja kwangu. Alichomoa cherehani yangu ukutani bila kuomba ruhusa, akakaa kwenye kiti cha wateja, mikono kati ya magoti. Alisema umeme wa huku chini anajua mahali pa kuuzima, ule wa juu hajui. Nilikuwa nashona kwa mkono wakati huo, au najifanya kushona. Watu wengine husubiri mvua iishe. Mimi nilikuwa nasikiliza isije ikaisha.

Ilikuwa siku ya mvua kama hiyo aliponiambia neno lake. Mkewe alikuwa amekufa zamani, na binti yake wa pekee alikuwa ameolewa, anakaa Carama, pembeni mwa mji. Mimi sikuwa nimeolewa. Miaka ilipita nikimtunza mama, na watu walikuwa wameacha kuuliza. Mvua ilipiga mabati kiasi kwamba alilazimika kusogeza kiti.

"Jirani," akasema, "mi nina neno, na sijui kulizungusha. Nataka tuoane. We ubaki na sala yako, mi na yangu. Nyumba moja inaweza kuwa na taa mbili."

Nilimwambia anipe muda niongee na mama. Sikumficha furaha yangu. Nadhani aliiona, kwa sababu alicheka, na radi ikapiga asitikisike.

Mama hakukasirika. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. Baba yangu alikuwa katekista, na mama aliishi ujane wake wote kanisani, katika benchi lile lile. Alinishika mkono akasema Fundi ni mtu mwema kuliko wengi wanaokomunika, na kama angekuwa Mkristo angenipeleka kwake yeye mwenyewe kwa miguu. Lakini hawezi kukaa katika benchi lake wakati binti yake ameolewa bila padri. Akaniomba jambo moja tu: nimwache afe kwanza. Baada ya hapo nifanye ninavyotaka, hatanisikia. Kaka zangu walisema maneno mengine, makali, nayo nimeyasahau. Hili la mama sikulisahau.

Nilimweleza Fundi kama lilivyosemwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atangoja. Nami nikaona papo hapo kwamba haiwezekani, kwa sababu nisingeweza kungoja harusi yangu kwa kungoja msiba wa mama. Kila asubuhi mama akiamka mzima ningefurahi na nusu yangu tu. Nilimwambia hivyo pia. Akainamisha kichwa.

"Apana, hiyo haifai," akasema. "Mwache mama aishi."

Tukaendelea kuwa majirani. Chai iliendelea, mifuko ya mashati iliendelea, na radi ilipopiga alikuja. Hatukulitaja tena. Wengine watasema hayo si maisha. Mimi nasema ilikuwa miaka mizuri, na ningeichukua tena kama ilivyokuwa, na ukuta wake.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Mwanzoni nilidhani ni uchovu. Aligonga kizingiti alichokivuka kila siku. Alikuja na shati lenye doa ambalo zamani lisingepita mlangoni. Nilimwambia aende kwa daktari, akasema ataenda, kwa sauti ile aliyotumia kwenye simu.

Siku moja alikuwa na kazi Kinanira, kwenye nyumba mpya iliyokuwa ikimaliziwa juu ya mlima, kazi nzuri ambayo ingemweka wiki nzima. Adhuhuri nikamwona anarudi kwa miguu, mfuko begani, shati limefungwa vifungo vibaya. Hakufungua kwake. Aliingia kwangu, akakaa, akaniomba kikopo changu cha nyuzi.

Akatoa vibiringo viwili vya uzi akaviweka juu ya meza ya kukatia, penye mwanga wa mlango.

"Hii ni rangi gani?"

Nikamwambia kijani.

"Na hii?"

Nikamwambia ya kahawia.

Alivigeuza, akavisogeza karibu na uso, akavirudisha kwenye kikopo. Ndipo akanieleza. Alikuwa anaunganisha waya kwenye kisanduku cha ukutani, na rangi mbili zikawa moja. Akajiambia mkono unajua, akaunganisha kwa kumbukumbu. Alipowasha, ukalipuka mlio mmoja, moshi ukatoka, chumba kikanuka plastiki iliyoungua. Hakuna aliyeumia. Mwenye nyumba hakukasirika hata kidogo. Alimwambia mambo hayo hutokea, ajaribu tena. Fundi alishuka ngazini, akanawa, akampa jina la fundi mwingine wa Buyenzi, akaondoka. Kilichomrudia njia nzima kutoka Kinanira, alisema, ni kwamba kwenye chumba kile palikuwa tayari na kitanda cha mtoto.

Hakupanda ngazi tena. Daktari alisema ni ule ugonjwa wa macho usiouma, unaokula kutoka pembeni kwenda katikati, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Alikaa bado miezi kadhaa mlangoni mwake. Watu walikuja kumweleza matatizo ya umeme wao, naye akawaambia kwa mdomo cha kufanya, na wao wakaenda kutafuta mwenye macho. Binti yake alikuja kumchukua siku ya jua kali. Walipakia vitu vyake kwenye gari dogo la mizigo, ngazi juu kabisa. Aliniaga mbele ya watu wote, kwa hiyo aliniaga kama jirani. Alisema nimsalimie mama. Nilirudi ndani nikashona pindo moja mara tatu, na mara tatu nikalifumua.

Sikwenda Carama. Mama alikuwa ameanza kulala kitandani, hakuna wa kumwacha naye. Kisha mteja mmoja mwenye ndugu kule akaniambia, huku nikimpima kiuno, kwamba yule fundi kipofu ameoa mjane fulani anayelima mihogo karibu na kwa binti yake. Nikaandika kipimo. Nikampima tena, maana nilikuwa nimeandika namba isiyo ya mtu.

Mama alikufa mwaka jana, kwa amani, mkono wake ndani ya wangu. Tulipomaliza kuondoa msiba, nilivaa kitenge kizuri nikapanda basi la Carama. Sikujiuliza nakwenda kutafuta nini. Nilijua tu kwamba yeye ndiye mtu anayepaswa kuambiwa kwamba mama hayupo, na kwamba sitaki aambiwe na mtu mwingine.

Ilikuwa mchana. Nyumba ilikuwa ya matofali, na nyuma yake mihogo ilishuka mpaka bondeni. Mwanamke aliyenifungulia alinipokea kabla hata ya kujua mimi ni nani. Nilipomtajia Jabe, uso wake ukafunguka. Akaita kuelekea uani: "Mzee, una mgeni wa Jabe." Fundi alikuwa kwenye kiti cha mianzi, shati jeupe, mikono juu ya magoti. Nikasema hodi. Neno hilo tu.

"Jirani," akasema, akasimama.

Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa wazi, yakiangalia kidogo pembeni yangu. Mkewe alituwekea viti karibu, akaenda kupika chai. Nilimwambia habari za mama. Alimwombea rehema kwa maneno ya dini yake, polepole, bila kuruka hata moja. Akaniuliza aliteseka au hakuteseka. Akaniuliza kama taa yake ya pembeni ilikuwa bado inawaka. Nikamwambia ilikuwa inawaka mpaka asubuhi ile.

Kisha akasema, bila kushusha sauti, kama mtu asiye na cha kuficha nyumbani kwake: "Mi nilikungoja, Jirani. Hata huku nilikungoja. Kisha nikaona mutu hawezi kukaa mu giza mbili. Hii ya macho ilinitosha."

Nilimwambia alifanya vizuri. Nilisema hivyo kwa sababu ilikuwa kweli.

Tukasikiliza sufuria jikoni. Akainama kuelekea kwangu.

"Niambie kitu. Binti yangu namuuliza, anasema mzuri, basi. Huyu mke wangu, sura yake iko namna gani? We ukipima mutu haukosei."

Kati ya yote niliyodhani ataniuliza siku ile, hilo sikulidhani. Ningeweza kusema mzuri, basi, kama binti yake. Lakini aliniuliza kama fundi anavyomuuliza fundi. Nikageuka nikamwangalia yule mwanamke kupitia mlango wa jikoni, akipuliza moto, nikamwangalia vizuri, kama ambavyo sikuwahi kumwangalia mtu.

"Mweusi wa kung'aa," nikasema. "Uso wa mviringo, paji pana. Meno ya mbele yana nafasi. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto, na nywele za pembeni zimeanza kuwa nyeupe. Akikusikia unaongea, hata akiwa mbali, anasimamisha kazi. Sasa hivi amesimama."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Sawa," akasema. "Asante, Jirani."

Tulikunywa chai watatu. Aliuliza habari za soko, za mama wa kabare, za mzee mmoja ambaye yeye Fundi alimfokea zamani kwa ajili ya waya. Alicheka kile kicheko chake. Nilipoaga, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushika muda, na hakusema kwaheri; alisema nije. Mkewe akachukua kitenge akajifunika mabega, akanisindikiza.

Tulitembea mpaka tukaona barabara. Basi dogo lilikuwa limesimama, konda anaita watu wa mjini.

"Dada," akasema, "nilikuwa nasikia. Mule jikoni kunasikika kila kitu."

Nikasimama. Nilianza kumwomba radhi, akanigusa mkono ninyamaze.

"Apana. Nafurahi ulimwambia na kovu. Sasa anajua." Akaangalia chini, akafunga kitenge chake upya. "Lakini na mi kuna kitu sijui. Mi nilimukuta macho yameisha. Watu wananiambia mume wako alikuwa fundi, alikuwa fundi, na mi sijamuona akifanya kazi hata siku moja. Alikuwa namna gani?"

Konda alinipigia mluzi. Nikamwonyesha kwa mkono waende.

Nikamwambia kwamba akimaliza nyumba, hakuwasha yeye. Alimwita mwenye nyumba, au bibi wa nyumba kama yupo, akamwonyesha pa kubonyeza. Na taa ilipowaka, watu wote wakiinua vichwa kuitazama, yeye peke yake hakuitazama. Aliangalia nyuso zao. Alisimama pale na singleti yake, vumbi la saruji kwenye nyusi, akiwaangalia mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Mwanamke yule alikuwa amesimamisha pumzi. Basi likaondoka, vumbi likatua juu ya mihogo ya kando ya barabara.

"Endelea," akasema.